Kitufe cha Mngurumo

Palma, Jumapili

Jenereta ya Bakari, anayenipa umeme harusini, haikuwa na kosa lolote. Nimemfokea bure leo harusini Quionga, mbele ya wakwe zake, nikamfanya aisogeze hadi nyuma ya jiko, na spika bado inanguruma. Kina mama wamesimama, wanangoja gitaa langu.

"Kaka, hebu chomoa hicho kisanduku chako," akasema.

Nikachomoa. Kimya.

Kisanduku chenyewe, cha kuchomekea gitaa, alinipa injinia mmoja wa kampuni ya gesi, tukabadilishana kwa amplifaya yangu ya zamani. Alisema ndani mna sauti za amplifaya zote za kale, de verdade. Ni kweli. Kwenye kioo wamechora vitufe vilevile vya kuzungusha, vidogo mno, kidole changu kinagusa vitatu kwa mara moja. Besi haisikiki mpaka upandishe sauti, kama zile za zamani. Na kimoja, pembeni kabisa, ni cha mngurumo. Wameuiga nao, na kilikuwa kimefunguliwa nusu.

Sisi kabla ya kila harusi tunachimbia waya mchangani na kuumwagia maji ili mngurumo upungue. Kumbe kuna mtu amekaa mezani akautengeneza kwa makusudi.

Bakari hakuniaga. Harusi ijayo sijui nani atanipa umeme.

Jioni nimepita nje ya kambi ya watu wa gesi. Injinia alikuwa anapiga gitaa kwenye amplifaya yangu. Sauti safi, haingurumi hata kidogo.

Umeme wao ni mzuri.