Uyoga wa Kwenye Gogo

Dranya, Koboko, Jumamosi

Dada Eyotaru,

Mahindi yameota vizuri. Shangazi anakuletea barua hii Arua.

Shuleni tulifundishwa kwamba uyoga si mmea, una undugu zaidi na wanyama, hata sisi. Jumatano nilimweleza mama, akacheka: "Basi mwalimu, leo chuma wewe." Yeye huchuma wa kwenye kichuguu tu. Mimi niliongeza ulioota kwenye gogo bovu, nikanyamaza. Annet mdogo wetu aliula peke yake, sisi tukiwa shambani.

Sasa anatapika, na macho yamekuwa ya njano. Kituo cha afya wanamtibu malaria, maana mama ameapa uyoga ulikuwa wa kichuguu. Naogopa, dada. Mbele ya mama sauti hainitoki, kwa hiyo nimemwandikia nesi kikaratasi: "Uyoga ulitoka kwenye gogo. Niliuchuma mimi." Nampelekea sasa hivi.

Njoo.

Mdogo wako,
Daisy