Busu la Wino

Shoga, uko? Dada ametutia aibu ukweni! Siamini mpaka sasa.

Si unajua alikuwa akichonga ubao wenye sura ya marehemu baba wa mchumba wake, aupake wino na kumchapia mama mkwe picha? Muuza karatasi alimsihi achukue ile laini, inayokunywa wino. Dada akasema ukweni haendi na karatasi iliyofifia. Akachagua inayong'aa kama kioo, na wino mzito wa mafuta.

Jana kachapa, leo kapeleka. Aligusa pembeni kwa kidole, pakavu, akaridhika. Kumbe katikati wino umekaa juu juu tu, mbichi!

Mama mkwe kufungua zawadi, machozi. Akambusu mumewe pale pale pichani, kwenye paji la uso.

Midomo MYEUSI, shoga. Myeusi tii!

Na hakuna aliyethubutu kumwambia! Kwa furaha akaanza kubusu watu. Shangazi shavuni, wifi shavuni, kila mtu na muhuri wake. Dada anatamani ardhi immeze.

Mara mama mkwe akajiona kwenye kioo cha kabati.

Akasema, "Miaka yote nimefua grisi za huyu fundi magari. Kumbe hajamaliza kunichafua!"

Akacheka mpaka akakaa chini, machozi yanamtoka tena. Kisha akamwita dada, "Njoo mwanangu, na wewe upate yako." Akambusu.

Dada amerudi sasa hivi. Nimempa sabuni, kagoma kunawa uso.