Kichupa Ndani ya Boksi la Shemeji

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wanao. Natumaini mguu wa mkubwa umepona na ameanza tena kuvunja vikombe. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma.

Kazi yangu unaijua. Seli za mwili zikikosa chakula hula taka zake zenyewe ili ziishi. Mimi naifuatilia protini moja inayoshughulika na ulaji huo. Haionekani kwa macho, kwa hiyo huinasa kwa kingamwili, matone machache tu ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole gumba. Ikinasa, mstari mweusi hutokea kwenye picha.

Tangu mvua zianze, picha zangu zilikuwa tupu. Nilibadilisha seli, nikabadilisha maji, mwisho nikailaumu mikono yangu. Mumeo, ambaye ni mimi niliyemwombea kazi pale maabara, alinipoza. Alisema kingamwili ni kama paka: leo anakulalia mapajani, kesho hakujui. Nilicheka. Picha zake yeye zilijaa mistari, na mkuu wetu akatamka wazi kwamba uongozi wa utafiti atapewa mwenye matokeo.

Juzi friza iliharibika. Tulikuwa tunahamisha maboksi mbiombio kabla vitu havijayeyuka, boksi la shemeji likaniponyoka na kufunguka. Kati ya vichupa vyake kilikuwamo changu, na lebo niliyoiandika mwenyewe. Nikarudi kukipima kile nilichokuwa nikikitumia siku zote hizo. Maji matupu, Dada, na lebo ya hati yangu mpaka mkia wa herufi.

Nilimwita stoo, sikupiga kelele. Hakukana. Alisema nafasi ni moja, na yeye ana familia, mimi sina anayenitegemea. Nikamwambia nitakueleza wewe. Ndipo aliponitazama kwa huruma, huruma kabisa, akasema, "Shemeji, hati yako mimi ningeiwezea wapi? Lebo ile aliiandika dada yako."

Nilikaa chini pale pale juu ya ndoo. Ni wewe uliyenishika mkono nikajifunza kuandika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua kwamba nguo yenyewe ni lile shuka tulilojifunika pamoja utotoni.

Vichupa vyote viwili nimempelekea mkuu. Mumeo amesimamishwa kazi tangu jana. Kama amekupa sababu nyingine, hii ndiyo ya kweli. Lako sikulitaja. Si kwamba nimekusamehe. Nilifungua kinywa, jina lako likakataa kutoka.

Usinipigie simu kwanza. Wabusu watoto, uwaambie mama yao mdogo atakuja shule zikifungwa, kama alivyoahidi. Wao hawana kosa. Nawe nakutakia afya njema, na mstari huu nimeuandika mara nyingi kabla haujakubali kukaa.

Ni mimi,
Mdogo wako