Ndege Ilizunguka Mara Mbili

Kituo cha ndege za kuzima moto, Yakutia
3 Julai

Dada Sargylana,

Shikamoo. Hujambo? Ng'ombe wazima? Na goti lako je? Mimi sijambo, ila mbu wa huku wamenimaliza.

Umeuliza moto wa msitu ukija kwetu tuna nini cha kuwasaidia. We acha tu, dada! Mimi nakaa mbele na rubani, nautazama moto, naamua. Nikisema "shukeni", vijana sita wanaruka na miavuli, bomba la maji mgongoni. Tuna baruti ya kamba: inapasua mtaro wa kuzuia moto msituni kwa dakika chache, kazi ambayo nyie mngekesha nayo.

Shika hili moja. Ndege ikizunguka mara mbili juu yenu, nimewaona. Tulieni, watu wanashuka.

Mdogo wako,
Erchim

Alaji, 25 Julai

Mdogo wangu,

Goti linauma, lakini hilo si la leo. Moto uko ng'ambo ya ziwa. Nyasi tumeshakata, marundo kumi na nane, chakula cha ng'ombe mpaka theluji iyeyuke. Kijiji kizima kinachimba mtaro. Mzee Nyukulay ananicheka: "Ndugu wa angani si ndugu!" Nimemwambia afunge domo.

Njoo, Erchim.

Dada yako

Alaji, 6 Agosti

Mdogo wangu,

U mzima? Hukujibu, lakini nilikuona Alhamisi mchana. Nilitandaza shuka jeupe. Ulizunguka mara mbili. Nikawaambia watu waweke majembe chini, wapumzike, ndugu yangu ametuona. Tukangoja. Jioni upepo ukageuka, na marundo yote yakaungua.

Niambie ndege iliharibika. Niambie chochote.

Dada yako

Kituoni, 19 Agosti

Dada,

Shikamoo. Naona haya hata kukuamkia.

Ndege ilikuwa nzima. Vijana sita walikuwa nyuma yangu, wameshajifunga miavuli. Mkuu alisema redioni kwamba moto ulio mbali na nyumba uachwe. Ila anayesaini taarifa ni mimi. Ningeandika kwamba nyasi za watu ziko hatarini, angelazimika kukubali. Lakini Septemba wanapandisha vyeo, nikaogopa kumuudhi. Shuka nililiona. Nilizunguka tena nikijishauri, kisha nikaandika: hakuna cha kuokoa. Nilichokuahidi Julai kilikuwa kimenitoka kichwani kabisa.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Erchim

Alaji, 2 Septemba

Erchim,

Ng'ombe tisa wamechinjwa kwa kukosa nyasi. Wamebaki wawili, na sijui kama watafika Machi. Mzee Nyukulay hanicheki tena. Ananiletea maziwa, na hilo ndilo linaloniua.

Ungepita moja kwa moja tu, tungechimba! Mtaro ulikuwa umebakiza hatua arobaini. Mimi ndiye niliyewakataza watu, kwa ajili yako.

Asubuhi nimeulisha moto wa jikoni kipande cha chapati ya maji, kama mama alivyotufunza, nikauomba uwalinde watu wa nyumbani, nikiwataja mmoja mmoja. Nilipofika kwako, jina lako nikaliruka.

Sargylana