Mchezaji Bora wa 1991 Yu Hai

Chisenga, shika simu! Nimemuua mtu.

Kwa kalamu, lakini nimemuua. Ile orodha ya wachezaji bora wa ligi ya soka tangu tuzo ianze, niliyohangaika nayo wiki tatu? Mwaka 1991, jina la Kapambwe, niliandika "marehemu". Aliyekufa ni kaka yake!

Leo mchana kwenye sherehe mtangazaji akasoma majina ya marehemu, ukumbi mzima ukasimama kimya. Kapambwe naye alikuwepo, meza ya nyuma. Akasimama, akavua kofia, kisha akasikia jina lake.

Jina lake mwenyewe, Chisenga! Na redio ilikuwa inarusha moja kwa moja.

Akapanda jukwaani, akanyakua kipaza sauti. "Mama, mimi mzima! Usilie, mama!" Mama yake ana miaka tisini, yuko Luanshya, na redio yake haizimwi.

Akapiga simu. Haipokewi. Tena. Haipokewi. Nikamwambia, "Baba, ni mimi niliyeandika." Akapiga tena.

Mara ya tano mama akapokea. Simu iko kwenye spika, na nyuma yake nasikia vilio vinavyoifunika redio. "Wewe nani? Mwanangu amekufa, redio imesema. Majirani wameshajaa hapa. Kama u mzima, njoo wakuone."

Akakata simu, akanigeukia. "Wewe uliyeniua, twende ukanifufue."

Sasa niko ndani ya gari lake, tumefika langoni kwa mama yake. Wanawake wamekaa chini wanalia. Amenifungulia mlango, anasema nitangulie mimi.