Chembe za Tangawizi na Kilo Zangu Tisa

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie ukiwa mzima, wewe, shemeji na watoto. Goti lako linaendeleaje? Nilisikia kwa shangazi kwamba linakuuma ukipanda ngazi. Sisi huku hatujambo, Mungu anatuweka. Hii ni barua yangu ya nne; zile tatu najiambia zilipotea njiani. Bado napika kantini ya kiwanda, na mwenzangu wa kukata vitunguu bado ana mdomo kama redio iliyovunjika kitufe cha kuzimia.

Nina jambo, dada, lakini acha nilifikie polepole, maana nikianza na mwisho utaikunja barua.

Mwaka jana tumbo lilinisumbua sana. Linajaa, linaunguruma, na mwili nao unazidi kutanuka. Mkata vitunguu akaniita Pipa, nami nikaitika, ningefanyaje? Ndipo nikasikia kwamba hospitali kubwa wanatafuta watu wa kufanyia utafiti wa matumbo na uzito. Nikaenda. Daktari wetu ni binti mdogo, ningeweza kumzaa, lakini akieleza kitu kinakuingia. Alisema ndani ya tangawizi mna chembe ndogo mno, wenyewe wanaziita nano, ambazo ukizipanga mamia kwa mamia hazijazi unene wa unywele mmoja. Kila chembe ni kama kifuko chenye ngozi ya mafuta. Wanakamua tangawizi, wanaizungusha kwenye mashine mpaka vifuko vijitenge, halafu tunakunywa ndani ya maji. Wanataka kuona kama vitafika salama kwenye utumbo vikapoza uvimbe, na kama uzito nao utashuka. Alisema wazi kwamba hawajui bado, ndiyo maana wanapima. Nikamwambia marehemu mama aliijua tangawizi kabla ya hizo mashine. Akacheka, akasema ndiyo, ila mama hakuandika vipimo.

Masharti yalikuwa mawili tu: kunywa chupa yangu kila asubuhi, na kula kama nilivyozoea, nisibadili mlo bila kusema.

Kufika mwezi wa tatu nilikuwa nimepungua kilo tisa. Wenzangu wa utafiti, aliyepungua sana ni kilo mbili. Daktari alinipima, akanipima tena, akaenda kuazima mizani chumba cha pili. Kila wiki aliniuliza kama nimebadili mlo, na kila wiki nilijibu hapana. Kule kantini mkata vitunguu akatangaza kwamba mpishi akikonda, chakula chake kina walakini. Akanivua Upipa, akaniita Mwiko. Nilicheka nao, lakini moyo haukutulia. Daktari alikuwa anajiandaa kupeleka vipimo vyangu kwa wakubwa zake. Halafu wiki iliyopita, mama mmoja mshonaji ambaye huwa tunangoja naye benchi moja hospitalini alinishika mkono, akaniambia ameacha vidonge vyake vya presha. Alisema akiniangalia mimi anaona tangawizi inatosha.

Dada, nilikuwa nafunga. Siku mbili kila juma, mara nyingine tatu. Chupa nainywa alfajiri, mchana nasimama juu ya sufuria za watu mia mbili, naonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema, jioni nafungua kwa kikombe cha uji. Hata baba watoto hakujua. Tulifundishwa kwamba funga ya toba ni siri ya mtu na Mungu wake, kwa hiyo nikimjibu daktari hapana, nilijiambia sisemi uongo, nalinda siri. Mtu anaweza kujidanganya hata akiwa amepiga magoti.

Utauliza toba ya nini, ingawa nadhani unajua. Siku ya kwanza daktari alituonyesha picha ya utumbo uliovimba ukatoka vidonda. Akasema mgonjwa wa hivyo anaweza kulishwa sahani tatu na mwili usipate kitu. Anakonda na chakula kiko mdomoni. Nilimwona mama kitandani, nikakuona wewe na kijiko mkononi. Miezi kumi na mmoja ulimlisha, ukamfulia, ukamgeuza. Mimi nilifika ameshafumba macho, nikaona ile mifupa, nikasimama mbele ya waombolezaji wote nikasema mama amekufa njaa mikononi mwako. Hukunijibu siku ile, na hujanijibu hadi leo. Nilipotoka kwa daktari niliweka nadhiri kwamba nitafunga mpaka uniandikie.

Lakini maneno ya mshonaji yalinitisha kuliko kuvunja nadhiri. Juzi nikaingia kwa daktari nikamweleza yote. Alivua miwani, akaiweka mezani. Hakunigombeza kwa ajili ya utafiti. Alisema tu kwamba vipimo vyangu vyote vitaondolewa kwenye hesabu, na kwamba bila mimi kinachobaki ni kidogo: matumbo ya baadhi yetu yametulia, uzito haujashuka kiasi cha kutajwa. Ila hicho kidogo ni cha kweli. Kisha ndipo akanigombeza, kwa kufunga hivyo kwa umri wangu bila kumwambia mtu. Mshonaji akaitwa, nikarudia mbele yake. Alinitazama kama niliyemwibia. Mwishowe akamuuliza daktari kama vidonge anaweza kuvianza leo leo, akaambiwa aanze palepale baada ya kupimwa.

Daktari alinikataza kufunga, nami nimeacha. Jana nilikula mchana na wenzangu. Mkata vitunguu akahesabu matonge kwa sauti mpaka kantini nzima ikacheka, na mimi machozi yakanitoka, nikasingizia vitunguu. Kwa hiyo usiandike kwa kulihurumia tumbo langu, dada, limeshiba. Nimebakiwa na neno moja nililopaswa kulisema mbele ya wale wale waombolezaji: ulimlisha mama, mimi ndiye niliyekusingizia. Nikija nitalisema mbele yao, ukiniruhusu kuja. Kama bado una uchungu, niandikie huo huo uchungu. Nitausoma mpaka mwisho.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde, na goti ulipumzishe.

Tafadhali nijibu mapema.

Mimi mdogo wako,
Kitinda mimba