Majani ya Upande wa Ziwa

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye mlango wa jikoni yako, mahali naona bustani yote. Siku hizi siachi kuiangalia.

Tulipomaliza kukuzika, kaka Sango alifunga parsele, kiwanja chetu, kwa mabati upande wa ziwa. Alisema ni juu ya wezi. Kisha jua la kiangazi likakaza, na mboga za lengalenga na biringanya za upande ule zikaanza kuungua ncha, majani yakajikunja. Sango akasema mbele ya majirani: "Ni ule mama wa Minembwe. Iko anamwanga dawa mbaya kwa majani." Alimaanisha Mama Furaha, rafiki yako aliyetoka kule milimani. Bamama wa hapa Baraka wakaacha kumusalimia. Sango akasema heri ahame, aturudishie kile kipande cha shamba ulichomupatia.

Mama, na mi nilimushuku. Asubuhi moja nikamuona anaingia polepole na beseni. Nikakimbia, nikamunyang'anya, nikanusa. Maji tu. Akaniangalia, macho yakajaa.

"Mama yako aliniomba nisiache majani yake na kiu," akasema.

Nikainama, nikaweka jani kwenye shavu, vile ulikuwa unatufundisha: jani lililokunywa vizuri na kupata upepo linakuwa baridi. Lile lilikuwa la moto, na udongo chini yake umelowa! Nikaenda pembeni, pale mabati yameishia na upepo wa ziwa unaingia. Kule majani yalikuwa baridi, hayana doa. Udongo ule ule, maji yale yale. Njo nikaelewa: ukuta ulizuia upepo uliokuwa unayaondolea majani joto, na bati lenyewe likayaongezea jua.

Tukang'oa mabati matatu, mi na Mama Furaha. Mchana nikagusa tena. Joto lilikuwa limepungua. Leo kuna machipukizi.

Sango alikasirika, lakini hakushangaa. Hapo njo moyo wangu umekwama, Mama. Alijua mabati yataunguza majani? Jana alikuja na samaki, sauti laini, akaniuliza kama Mama Furaha angali anawaza kuhama. Samaki nilipika. Jibu sikumupa.

Pumzika, mama yangu. Nakuahidi kile kipande kitabaki kwa yule uliyemupatia. Na Sango akija nitamukaribisha, nitamupa kiti, ni mutoto wako. Ila nitakaa mahali naona mikono yake.

Binti yako,
Mapendo